LISHE BORA KWA KIPATO KIDOGO: MAELEZO KWA WAKAAZI WA MITAA YA NG'AMBO

Wakaazi wengi wa mitaa ya Ng'ambo, Mjini Unguja, hununua chakula chao siku kwa siku. Mchukuzi, mchuuzi au fundi anayelipwa jioni hana fedha za kununulia polo la mchele. Hununua kilo moja au nusu, mafuta ya kupimiwa na fungu la tungule. Ununuzi wa namna hii una gharama yake, kwani kipimo kinapokuwa kidogo bei ya kila kilo huwa kubwa. Hivyo, mwenye kipato kidogo mara nyingi hulipia zaidi chakula kile kile anachokinunua mwenye uwezo.

Aidha, sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar hutoka nje, na bei yake hufuata soko la dunia na nauli za meli. Bei ilipopanda duniani mwaka 2008, athari zake zilifika hadi katika maduka ya mitaani. Ikumbukwe kwamba mchele unapopanda bei, familia nyingi haziupunguzi wali. Kinachopunguzwa ni kitoweo, mboga na matunda. Tumbo hushiba, lakini mwili hubaki na njaa.

Madhara ya njaa hiyo hayaonekani kwa siku moja. Mtoto asiyepata vyakula vya kujenga mwili hudumaa, na mama mjamzito asiyepata madini ya chuma ya kutosha hupungukiwa na damu, jambo linalohatarisha maisha yake na ya mtoto wake. Katika nyumba hiyo hiyo, mtu mzima anayeishi kwa chai yenye sukari nyingi, mandazi, chipsi na soda yumo katika hatari ya kupata kisukari na shinikizo la damu.

Wananchi wanakumbushwa kuwa chakula bora si lazima kiwe chakula ghali. Dagaa wanaoanikwa katika fukwe zetu, ambao wafanyabiashara huwasafirisha hadi Kongo, hujenga mwili, na wakiliwa na miba yao huimarisha mifupa. Kunde, choroko na mbaazi zaweza kushika nafasi ya nyama. Mchicha, matembele na kisamvu huongeza vitamini na madini mwilini. Viazi vitamu, mhogo, ndizi na shelisheli, mazao ya mashamba yetu wenyewe, vyafaa kuliwa badala ya wali baadhi ya siku. Matunda yanunuliwe katika msimu wake, wakati bei yake iko chini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isiyozidi gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Mapishi nayo yana umuhimu wake. Mboga za majani zioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Kisamvu peke yake hakifuati kanuni hiyo: kitwangwe na kichemshwe vya kutosha ili sumu yake iondoke. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga au kunde husaidia mwili kupokea madini ya chuma, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa hiyo ni vyema chai ikanywewa saa moja au zaidi baada ya kula. Chumvi yenye madini joto ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

Majirani wanaoaminiana wanaweza pia kuchanga fedha, kama wafanyavyo katika upatu, wakanunua polo moja la mchele au la kunde na kugawana kwa bei ya jumla. Wenye ua, na hata wakaazi wa nyumba za ghorofa za Michenzani wenye nafasi ndogo ya kibaraza, wanaweza kuotesha mchicha katika ndoo kuukuu au viroba vilivyojazwa udongo na samadi iliyooza. Mboga hizo zisimwagiliwe maji ya mitaro, kwani maji hayo hubeba maradhi ya kuharisha, kikiwemo kipindupindu.

Hata hivyo, si haki kumbebesha mama wa nyumba lawama yote. Anayeishi mbali na masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe hulipa nauli ya daladala kabla hajanunua hata fungu moja la mboga, na mara nyingi hurudia kile kilichopo karibu naye. Kwa sababu hiyo, muuza mboga anayekaa mtaani kwa usafi na utaratibu anatoa huduma ya afya, na anastahiki kupatiwa mahali panapofaa pa kufanyia biashara yake.

Masheha na kamati za skuli wanaombwa kuwaeleza wananchi mambo haya katika mikutano yao. Mama wajawazito na wenye watoto wachanga wahudhurie kliniki mapema, ambako watapata ushauri zaidi. Afya ya mji huanzia katika sahani ya kila nyumba.