Bawabu wa seva: Kwa nini istilahi 'wakala wa kinyume' inapotosha

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Membley, kijana anayehudumia mitambo ya kompyuta katika chuo kimoja, alinijia na ukurasa wa maelezo aliokuwa amewaandikia wenzake kwa Kiswahili. "Prof, hebu nisaidie hapa kidogo," akaniambia. "Lugha imenikataa." Kichwa cha ukurasa kilisomeka hivi: 'Kuunda wakala wa kinyume mwenye upatikanaji wa juu kwenye kishada cha seva.'

Nilikisoma mara tatu. Maneno yote ni ya Kiswahili na sarufi yake haina dosari, ila sikuambulia kitu. Nikamwomba anieleze kwa mdomo kitu hicho hufanya kazi gani. Akanieleza kwa dakika kumi, kwa Kiswahili cha kila siku, nami nikaelewa vizuri kabisa. Kwa hivyo lugha haikuwa imemkataa. Kilichomkataa ni istilahi alizozipata kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno.

'Seva' lenyewe halina tabu tena. Agosti 2017 Mahakama ya Juu ilipoagiza IEBC iruhusu mitambo yake ikaguliwe, kauli ya 'fungua seva' ilienea hadi kwenye matatu na vibanda vya chai. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha neno hilo. Wananchi walihitaji kulisema, wakalisema. 'Kishada' nacho nilikiacha upesi, maana 'kundi la seva' linatosha.

Tatizo kubwa ni huyo wakala. Wahandisi wana aina mbili za programu wanazoziita proksi na rivasi proksi. Proksi ya kawaida humwakilisha mtumiaji: kompyuta yako ya ofisini huiagiza ikaulete ukurasa kutoka nje, na tovuti ya huko huiona proksi, haikuoni wewe. Rivasi proksi huwakilisha upande wa pili. Hukaa mbele ya seva za mwenye huduma, ikapokea maombi ya watu wote, ikayagawia seva zilizo nyuma yake, kisha ikarudisha majibu. Zinazojulikana sana ni HAProxy, ambayo Mfaransa Willy Tarreau aliitoa mwaka wa 2001, na nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka wa 2004.

Sasa jiulize, Mkenya wa leo akisikia 'wakala' humfikiria nani? Yule wa M-Pesa, bila shaka. Na wakala wa M-Pesa huwakilisha kampuni mbele yetu sisi wateja. Yaani wakala wetu tayari amekaa upande ule ambao Kiingereza kinauita wa kinyume! Ukimwongezea 'wa kinyume' unamhamisha kutoka mahali pake sahihi hadi pasipo pake. Tafsiri imefuata neno na kukiacha kitu.

Mimi ningeita ile ya kwanza 'tarishi', maana ndiye unayemtuma nje akuletee. Ya pili ningeiita 'bawabu'. Neno hili limo katika kamusi zetu kwa maana ya mlinzi wa mlango. Lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa 'bawaba' inayoushika mlango. (Tahadhari basi, fundi seremala asije akachanganyikiwa.)

Najua pingamizi litakalokuja. Bawabu humruhusu mgeni aingie, ilhali rivasi proksi haimruhusu mtu kuingia. Ni kweli, lakini watazameni mabawabu wa mitaa yetu hii ya Ruiru. Mwendeshaji bodaboda akileta mzigo, mara nyingi haingii. Bawabu huupokea langoni, akaandika kitabuni umetoka kwa nani, akaupeleka nyumbani husika. Hilo la kitabu lina mwenzake kwenye mtambo. Bawabu wa seva asipoandika anwani halisi ya mgeni, seva za ndani zitadhani maombi yote yametoka kwa mtu mmoja, yaani bawabu mwenyewe.

'Upatikanaji wa juu' nao ulinikera zaidi, na hapa si suala la ufasaha tu. Kijana alinisimulia kisa kilichowakuta. Walikuwa wameweka mitambo miwili ya bawabu mbele ya seva za alama za wanafunzi, wakitumia programu ya Keepalived. Mitambo hiyo huchangia anwani moja. Aliye kazini huishika anwani na kutuma ujumbe mfupi kila sekunde: nipo, nipo, nipo. Mwenzake husikiliza tu. Akikosa kuusikia kwa sekunde tatu na ushei, huinyakua anwani na kuutangazia mtandao kwamba sasa iko kwake. Wageni hawajui kumebadilika nini.

Siku ya mwisho ya kuingiza alama, HAProxy ilizimika ndani ya mtambo wa kwanza. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima, na Keepalived iliendelea kutuma 'nipo' kama kawaida. Mtambo wa pili ukasikia mwenzake yupo, ukatulia. Wahadhiri wakafungiwa nje alasiri nzima. Bawabu alikuwa amesimama langoni, ila amelala usingizi wa pono.

Nilimuuliza kwa nini hawakuliona hilo mapema. "Tulikuwa tunaangalia kama mtambo unapatikana," akajibu. Jamani! Neno lenyewe ndilo lililomfundisha kuangalia hivyo. Mtambo ulipatikana, ila huduma haikupatikana. Dawa yake ni mistari michache ya maagizo inayoitaka Keepalived iikague HAProxy kila baada ya muda mfupi, na ikiikuta imezimika, iushushe mtambo huo daraja ili wa pili uchukue zamu. Mimi napendekeza tuseme 'huduma isiyokatika'. Ukisema hivyo, swali linalofuata ni huduma ipi na inaweza kukatikia wapi.

Swali hilo lina uzito nchini. Julai 2023 eCitizen, lango la huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia. Waziri Eliud Owalo alithibitisha shambulio hilo akisema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini data isiyofikika haimsaidii aliye na safari kesho na pasipoti hana. Nikiri pia kwamba mabawabu wawili peke yao hawazuii gharika ya namna hiyo. Mwezi uliofuata umeme ulipotea nchini kote, na katika uwanja wa ndege wa JKIA jenereta ya akiba ikakataa kuwaka. Akiba isiyojaribiwa haina tofauti na jenereta hiyo. Hata ahadi ya asilimia 99.9 ambayo wauzaji huipamba bado inaruhusu giza la saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka.

Katika ukurasa wa kijana, mitambo hiyo miwili iliitwa 'bwana' na 'mtumwa'. Sikukubali. Pwani hii yetu ina kumbukumbu ya maneno hayo isiyofaa kuchezewa. Hata kanuni ya kimataifa inayoongoza ubadilishanaji huu wa anwani, iliyotolewa upya mwaka wa 2024, imeliacha neno la 'bwana' na kusema mtambo 'ulio kazini'. Kiswahili kina 'bawabu wa zamu' na 'bawabu wa akiba', na kila mlinzi wa Membley anajua zamu ni nini.

Yapo maneno ambayo tayari tunayo na tunasahau. Waya unaounganisha mabawabu ukikatika, kila mmoja hudhani mwenzake amekufa, na wote wawili hushika anwani ileile. Fahali wawili zizi moja. Njia mojawapo ya kuliepuka hilo ni kuwa na mitambo mitatu inayoafikiana, ili upande wenye mitambo miwili pekee ndio uruhusiwe kutenda. Kijana alikuwa ametunga istilahi ndefu ya kulieleza jambo hili. Nikamkumbusha kwamba wabunge wetu hulitaja kila wanapokosa kutimia: 'akidi'. Kuhusu kuutenga mtambo mkaidi, wahandisi wa Kiingereza wana msemo wa kumpiga mwenzako risasi ya kichwa, naye alikuwa ameutafsiri hivyohivyo. Tuliufuta tukaandika 'kuuzimia umeme'.

Kuhusu seva za nyuma hatukubishana. Bawabu huzipima afya: katika HAProxy, upimaji ukishawashwa, kipimo cha kawaida ni kila baada ya sekunde 2. Seva ikishindwa mara tatu mfululizo huachwa kupelekewa kazi, na ikijibu vyema mara mbili hurudishwa. 'Kupima afya' ni tafsiri sisisi, ila hii imekubali, maana kila aliyewahi kufika zahanati anaielewa.

Ukurasa sasa una kichwa hiki: 'Namna ya kuweka mabawabu wawili mbele ya seva ili huduma isikatike.' Ni kirefu kidogo. Jumatatu jioni kijana alinipigia simu kuniambia kwamba mwenzake wa zamu ya usiku aliusoma mara moja tu, kisha akauliza mabawabu hao wawili wamechomekwa kwenye swichi ngapi. Wakaenda kuangalia. Ilikuwa moja.