Foleni ya Mitungi na Orodha za Redis

Maji yanaporejea alfajiri katika mitaa ya Kayole au Umoja, anayefika kwenye kioski cha maji aghalabu hukuta foleni isiyo na watu. Mitungi ya manjano ya lita 20 imepangwa mmoja nyuma ya mwingine. Wenyewe wamerudi nyumbani kuwaandaa watoto wa shule, na mitungi inawashikia zamu. Muuzaji huutwaa wa mbele, akaujaza, akauweka kando. Makala haya yanakusudia kuitumia foleni hiyo kueleza aina moja ya data, yaani orodha, katika hifadhidata iitwayo Redis, na kuonyesha mahali ambapo zamu ya mtu huweza kupotea.

Redis iliasisiwa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo. Tofauti na hifadhidata nyingi ambazo makao makuu ya data yake ni diski, hii huiweka katika kumbukumbu ya kompyuta, na ndiyo sababu ya wepesi wake. Kila kitu huwekwa chini ya ufunguo, yaani jina linaloelekeza kwenye thamani fulani. Thamani hiyo yaweza kuwa neno moja tu; yaweza pia kuwa orodha ndefu.

Orodha ya Redis ina ncha mbili, nazo huitwa kushoto na kulia. Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulalamika. Hakuna mkazi wa Eastlands anayesema kwamba mtungi wake uko kulia kwa foleni. Foleni ina mbele na nyuma. Kwa maoni yangu, tungefaidi zaidi tukisema kichwani (kushoto) na mkiani (kulia), nami nitafanya hivyo. Amri ya RPUSH hutia kitu mkiani, LPUSH hutia kichwani. LPOP huondoa cha kichwani na kumkabidhi aliyekiomba. RPOP huondoa cha mkiani. LLEN huhesabu. Ukitia mkiani na kutoa kichwani, umepata foleni ya haki. Ukitia na kutoa upande ule ule, umepata mrundiko, kama sahani jikoni: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Wanagenzi wengi hujikwaa kwenye LPUSH. Tuseme tumeandika:

LPUSH foleni kayole umoja dandora

Kisha tukaomba kuona orodha nzima kwa LRANGE foleni 0 -1, ambapo 0 ni kitu cha kwanza na -1 ni cha mwisho. Tutajibiwa dandora, umoja, kayole. Kila jina lilisukumwa kichwani mbele ya lililotangulia, hivyo mpangilio ukapinduka. Kwa RPUSH majina yangebaki kama yalivyoandikwa.

Jambo jingine lapendeza: orodha haihitaji kutangazwa. Huzaliwa kitu cha kwanza kinapotiwa, na cha mwisho kikitoka, hata ufunguo wenyewe hufutika.

Je, muuzaji akikuta foleni tupu? Amri ya BLPOP humruhusu asubiri hadi mtungi ufike, badala ya kuuliza kila mara. Wakiwa wauzaji wengi wanaosubiri, aliyesubiri muda mrefu zaidi hupewa kwanza. Aidha, Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine, kwa hiyo wawili hawawezi kukabidhiwa mtungi mmoja.

Hatari iko kwingine. Muuzaji ameutoa mtungi foleni, kisha kabla hajaujaza anaanguka na kuzirai. Mtungi haumo tena foleni, wala haujajazwa. Katika programu, kazi iliyotolewa kwa LPOP hupotea vivyo hivyo ikiwa mtendaji wake atazimika katikati: ujumbe hautumwi, malipo hayaandikwi, na hakuna anayejua. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2021, dawa yake ni LMOVE, iliyochukua nafasi ya RPOPLPUSH ya zamani:

LMOVE foleni kazini LEFT RIGHT

Kwa pigo moja kitu hutoka kichwani mwa foleni na kuingia mkiani mwa orodha ya pili, kazini. Kazi ikikamilika, LREM hukiondoa humo. Kisipoondolewa, kinabaki kikionekana kwamba kilichukuliwa bila kutimizwa.

Hata hivyo, Redis haitakirudisha yenyewe. Mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kuikagua orodha ya kazini, kisha aamue vilivyokawia virudi kichwani au mkiani mwa foleni. Mama aliyepanga mtungi wake tangu alfajiri angejibu bila kusita: kichwani. Amri yake ni LMOVE kazini foleni RIGHT LEFT, ikirudiwa kwa kila kimoja, kuanzia cha mwisho kuchukuliwa, ili mpangilio usipinduke kama ule wa LPUSH.