Mito ya Kilimanjaro Huzaliwa Msituni

Habari nyingi kuhusu Kilimanjaro na mabadiliko ya tabianchi huanzia kwenye barafu ya kilele cha Kibo, na takwimu zake zinatisha kweli. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Wengi wakahitimisha kwamba barafu ikiisha, mito ya Weruweru, Kikafu na Karanga nayo itakauka. Hofu hiyo inaeleweka, ila imetuelekeza macho pasipostahili.

Kule kileleni hewa ni baridi na kavu, na jua ni kali. Sehemu kubwa ya barafu inayopotea hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hatua ya kuwa maji. Mchango wake kwa mito ni mdogo mno. Kwa makadirio ya watafiti, takriban asilimia 96 ya maji yanayotiririka kutoka mlimani chimbuko lake ni ukanda wa msitu.

Mteremko wa kusini hupata mvua nyingi zaidi kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200. Juu zaidi ya hapo mvua hupungua, lakini ukungu ni mwingi. Matone yake ni madogo kiasi kwamba hayawezi kudondoka yenyewe. Hunaswa na majani, matawi na kuvumwani lililoning'inia, yakaungana, kisha yakachuruzika hadi chini. Udongo wa msituni, uliojaa mizizi na majani yaliyooza, huyanywa taratibu na kuyapeleka kwenye miamba ya volkano. Baadaye maji hayo huibuka chini kama chemchemi, na nyingine hulisha vinamasi vya Amboseli, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Ndiyo sababu mto huweza kutiririka Septemba ilhali mvua za masika zilikwisha Mei.

Adui mkubwa wa mfumo huu ni moto. Hali ya hewa inapokuwa kavu zaidi, moto wa mrina asali au wa jiko la kambini huweza kuwasha nyasi na vichaka, na moto ukapanda hekta kwa hekta. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto ulikuwa umeangamiza misitu mingi ya juu, hasa ya miti ya jamii ya erika. Alikadiria kwamba maji ya ukungu yaliyokosa kunaswa kwa sababu hiyo yalifikia mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia mahitaji ya maji ya kunywa ya watu milioni moja. Mti hugeuka kichaka, nacho kichaka hunasa ukungu kidogo sana. Oktoba 2020 moto uliwaka tena mlimani kwa siku nyingi, mamia ya watu wakipanda kuuzima.

Chini ya msitu kuna mkono wa binadamu wa aina nyingine. Kwa karne kadhaa Wachagga wamechimba mifongo, mifereji ya udongo inayochepusha maji kutoka mtoni hadi kwenye migomba na kahawa, kila ukoo ukiwa na zamu na wajibu wa kusafisha. Ni uhandisi wa kuheshimiwa, na sikubaliani na wanaoulaumu kwa kila upungufu wa maji. Mifongo ilibuniwa wakati watu walikuwa wachache na tambarare haikuwa na mashamba makubwa ya miwa na mpunga. Leo maji yaleyale yanasubiriwa pia na mji wa Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Na pale msitu unaoyatoa maji hayo unapofyekwa au kuungua, mvua kubwa haipati muda wa kuzama. Hushuka kwa kasi ikibeba udongo, mto ukafurika kwa siku chache, kisha kiangazi kikaukuta hauna akiba. Jumla ya mvua ya mwaka inaweza kubaki ileile, na bado mkulima wa tambarare ya Kahe akakosa maji Septemba. Kwa hiyo shilingi inayotumika kuzuia moto na kuacha erika zirefuke kwa miongo kadhaa bila kuungua humsaidia mkulima huyo zaidi kuliko kilio chochote juu ya barafu.