Saadani Si Makao ya Wanyama Pekee

Tembea uone, walinena wahenga. Katika likizo moja niliandamana na wanafunzi wangu, tukavuka mpaka pale Lunga Lunga, tukapita Tanga na Pangani hadi Saadani, mbuga ya taifa ya Tanzania inayotazamana na kisiwa cha Unguja. Nilikuwa nimeambiwa kwamba huko nyika hukutana na bahari, lakini sikusadiki hadi nilipojionea mwenyewe.

Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tulikuta nyayo za ndovu mchangani, si mbali na ngalawa za wavuvi. Katika Mto Wami viboko walizama na kuibuka, nao mamba waliota jua ukingoni. Tuliarifiwa kwamba kasa hutaga mayai katika ufuo wa Madete. Eneo hilo, lenye takriban kilomita mraba 1,100, lilifanywa rasmi kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 2005.

Tulipofika kijijini Saadani, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, watu hawa waliruhusiwa lini kuishi mbugani?"

Swali hilo lilinichoma moyo. Nilimjibu kwamba watu hawakuikuta mbuga. Mbuga ndiyo iliyowakuta watu. Saadani ilikuwa bandari mashuhuri ya misafara ya biashara katika karne ya 19. Ndiyo makao ya Bwana Heri, aliyepambana na Wajerumani tangu mwaka wa 1888 hadi 1890. Na Pangani tulikopitia ndiko Abushiri aliponyongwa mnamo Desemba 1889. Ajabu ni kwamba bandari iliyosafirisha pembe leo imezungukwa na hifadhi ya ndovu wenyewe!

Je, walimu wenzangu, si sisi tuliomfunza kijana huyo kuuliza hivyo? Ziara zetu aghalabu huwa za kuhesabu wanyama. Mwanafunzi hurejea na orodha ya simba na twiga, asijue ni nani aliyezikwa katika ardhi aliyoikanyaga. Kesho, akiwa afisa mwenye kalamu na ramani, atachora mpaka juu ya makaburi na visima vya watu, akidhani eneo ni tupu.

Sisemi wanyama wasihifadhiwe, la hasha! Nasema tu kwamba kabla ya kupanda basi, tufungue kwanza kitabu cha historia. Na tufikapo, tuwaamkue wenyeji kabla ya kuwatafuta ndovu.