Brosi ya bunduki haina kosa, mututu ndiyo yenye kosa

Bandugu batumikaji, leo tuzungumuze juu ya vitu vidogo ambavyo bengi hawaviangalie: fimbo ya chuma, brosi, kitambaa na mafuta ya kusafishia bunduki. Hapa Kipushi kuko ba papa bawindaji wenye kalibre 12, kuko bazamu, kuko na familia zenye kubakia na bunduki ya marehemu chini ya kitanda. Na mu atelye kuko vijana bafundi wa kukereza chuma, wenye kuombwa kila siku: «Ndugu, nitengenezee kakitu kadogo.» Kosa mu mambo haya inaweza kukupotezea kazi, ao kukuingiza mu gereza. Basi tuangalie sheria inasema nini.

Mu inchi yetu sheria kubwa ya silaha ni Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Maana yake: huwezi kutengeneza, kuuzisha, kununua, kuweka wala kutembea na bunduki ao masasi bila ruhusa ya serikali. Na permi ya bunduki haiko permi ya kuwinda. Ile ya kuwinda inatoka mu sheria ingine, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Bengi wako na moja na wanafikiri wako na zote mbili.

Sasa brosi je? Protokole ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inaeleza kipande cha bunduki ni nini: ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki, na bila hicho bunduki haitumike. Inataja mututu, mwili wa bunduki na kufuli yenye kufunga risasi ndani. Inaongeza na kila chombo cha kupunguza sauti. Brosi, fimbo na kitambaa hazimo. Konvansyo ya Kinshasa, yenye kukubaliwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kazi mwaka 2017, jina lake lenyewe linataja silaha ndogo, masasi, na vipande vya kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Brosi haitengenezi bunduki, inaipangusa tu.

Lakini musilale. Polisi akikuta brosi ya bunduki mu nyumba yako, ulizo yake ya kwanza itakuwa: «Bunduki yenyewe iko wapi, na permi?» Hapo brosi haina kosa, lakini inaonyesha njia. Na kama ni bunduki ya vita, hata raia anaweza kujikuta mbele ya auditorat militaire.

Kuko hadisi ya Marekani yenye kufundisha. Kule wanauzisha kakopo ka chuma kenye kufungwa kwa vis ku kinywa ya bunduki, ili mafuta machafu ya kusafishia isianguke chini. Jina ni chombo cha kusafishia. Lakini bamoja wakaona: ukitoboa tundu mbele, risasi inapita na sauti inapungua. Kakopo kamegeuka silensiye. Mu Marekani silensiye inapaswa kuandikishwa ku serikali tangu sheria ya mwaka 1934, na kuko bantu waliofikishwa ku tribinali juu ya vikopo vile. Sheria haikuangalia jina lenye kuandikwa ku karton. Iliangalia kazi ya ile chuma.

Bafundi wa atelye, hapo ndipo nawaomba musikilize. Kutengeneza fimbo ya kusafishia, sheria ya silaha haikukamati. Lakini tiyo ya chuma yenye kukatwa na kutobolewa ili ikuwe mututu ya poupou, hiyo ni kutengeneza silaha, hata kama mwenye kuomba anasema ni ya kuwinda swala tu. Kipande chenye kufungwa ku kinywa ya bunduki, vilevile. Na kama chuma ni ya kampuni na mashini ni ya kampuni, unaongeza kosa lingine juu: kosa kubwa ya kazi, yenye kufunguza mulango ya kukufukuza bila preavi mu Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002. Hata hapo mupatroni ana mupaka: anapaswa kukuandikia mu siku 15 za kazi kisha kujua mambo. Usisaini karatasi yoyote bila kuita delege. Tunaweza kumutetea mutumikaji kwa haki yake, lakini mututu yenye kutoka ku mashini yake ni ngumu kuitetea.

Kwa ba mama na ba papa wa nyumba, ajali nyingi zinatoka ku bunduki «yenye iko tupu». Mbele ya kusafisha, toa masasi, uyapeleke mu chumba kingine, angalia ndani kwa macho na kwa kidole, mara mbili. Poupou inajazwa kwa kinywa na baruti haionekane. Usisukume fimbo ndani yake kama hujui imejazwa ao hapana. Usitumie esanse karibu na mbabula. Batoto watoke. Kiisha kazi, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kula: ule uchafu mweusi uko na risasi ya madini, plomb, ile ile tunayoogopa ku mgodi, na inaharibu akili ya mutoto.

Na bunduki ya marehemu? Permi iliandikwa ku jina yake, haikurizishwi pamoja na nyumba. Usiibebe mwenyewe ku kinga mpaka ku polisi, utakamatwa ku barabara. Wala usivuke nayo mupaka kuenda Zambia: kule vilevile bunduki inaomba permi yao. Iache mahali pamefungwa, uende kwanza ku biro ya teritware na karatasi ya kifo na permi ya zamani, pamoja na muntu mukubwa wa familia ao avoka. Sema: «Tuko na hii, tunataka kuitangaza.» Omba akize de resepsyon, uiweke vizuri.

Kwa vijana wa atelye, kama muntu analeta mupango wa chuma na hataki kusema ni ya nini, uone delege wako mbele ya kuwasha mashini.