Ghibli siyo filta ya simu: Kwa nini mashabiki wanazipenda hizi katuni za Japani

Machi 2025 ulikuwa ukifungua simu unakuta nusu ya marafiki zako wamegeuka katuni. Picha za harusi, za mahafali, hadi za paka. Rangi laini, macho makubwa, mawingu manene. Watu waliuita mtindo wa Ghibli, akili mnemba ikautoa kwa sekunde chache, na baada ya wiki kadhaa wengi wakahamia kwingine.

Lakini muulize shabiki wa siku nyingi wa Studio Ghibli anachokipenda. Huenda asikutajie macho wala mawingu. Atakutajia treni.

Treni gani?

Iko kwenye Spirited Away, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001. Chihiro, binti wa miaka 10, amenasa kwenye ulimwengu wa mizimu. Wazazi wake wamegeuzwa nguruwe kisa kula chakula kisicho chao. Anapanda treni inayopita juu ya maji, aende kumwombea msamaha rafiki yake Haku. Treni yenyewe siku hizi inaenda tu, hairudi.

Basi anakaa. Pembeni yake kuna kiumbe aliyevaa kinyago, kimya. Abiria wengine ni kama vivuli, wanashuka na mizigo yao. Nje giza linaingia. Hakuna anayepigana, na karibu hakuna anayeongea.

Kwenye katuni nyingi hapo pangewekwa fujo fulani ili watoto wasichoke. Miyazaki alipaacha hivyo hivyo, na filamu ikabeba Dubu wa Dhahabu mjini Berlin 2002, kisha Oscar 2003.

Wajapani wana neno la hicho kitu: ma. Miyazaki alipohojiwa na mhakiki wa Marekani Roger Ebert mwaka 2002, alipiga makofi mara kadhaa, kisha akaeleza kwamba ule muda kati ya kofi na kofi ndio ma. Ukiuondoa, filamu inabaki pilikapilika tupu.

Sekunde 4, miezi 15

Kwenye The Wind Rises ya 2013 kuna kipande cha umati wa watu cha sekunde 4. Mchoraji Eiji Yamamori alikifanyia kazi mwaka mmoja na miezi mitatu. Umesoma vizuri: sekunde nne. Ndiyo maana mashabiki wengi walikereka na ule mtindo wa Machi.

Hapo hapo ikasambaa klipu ya Miyazaki akiwa amekasirika, watu wakidai anazisema hizo picha. Siyo kweli. Klipu ni ya 2016. Alionyeshwa kiumbe cha kompyuta kinachojikokota kwa kichwa kama zombi, akamkumbuka rafiki yake mwenye ulemavu ambaye hata kuinua mkono kwake ni kazi. Kilichomuudhi ni kuona maumivu yamefanywa mchezo.

Halafu hili jina. Ghibli ilikuwa ndege ya Italia, nayo iliitwa kwa jina la upepo wa joto wa jangwa la Libya. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na kibla tunayoijua sisi. Wajapani wenyewe wanatamka "Jiburi".

Uanzie wapi?

Filamu nyingi za studio hii zilianza kuingia Netflix Februari 2020, Afrika ikiwemo. Mimi ningekuanzishia My Neighbor Totoro ya 1988, dakika 86 tu.

Subiri ufike kwenye kituo cha basi. Ni usiku, mvua inanyesha, Satsuki amembeba mdogo wake Mei mgongoni wakimsubiri baba yao aliyesahau mwavuli. Linakuja dude kubwa lenye manyoya, limejiwekea jani kichwani, linasimama nao foleni. Satsuki analipa mwavuli wa baba. Nalo linatulia, linasikiliza matone.

Hapo usisogeze mbele.