Jinsi Jenasi Mpya ya Mdudu Inavyoanzishwa

Mwanafunzi aingiaye katika kijito cha mlimani chenye maji baridi yaendayo mbio, akiinua jiwe na kulitazama upande wa chini, huenda akamwona mdudu bapa mwenye mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu. Huyo ni tunutu wa oda ya Plekoptera, ambaye kwa urahisi tutamwita nzi-mawe. Spishi zaidi ya 3,500 za oda hiyo zimekwisha kuelezwa duniani. Je, mtaalamu ampatapo asiyefanana na yeyote kati ya hao, hufanya nini?

Kwanza hana budi kupambanua spishi na jenasi. Jenasi ni kundi la spishi zilizotokana na mzazi mmoja wa kale. Chukua mfano wa Neoperla, jenasi iliyoanzishwa na Mmarekani James Needham mwaka 1905. Jamaa zake wengi wana macho madogo matatu utosini, mbali na yale makubwa mawili. Neoperla ana madogo mawili tu. Lakini Anacroneuria wa Amerika ya Kusini naye ana mawili, ingawa ni wa ukoo mwingine. Kwa hiyo alama moja haitoshi: hulinganishwa pia mabawa, matamvua ya tunutu, viungo vya uzazi na mayai.

Akisharidhika, mtaalamu hufuata Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Jina la jenasi sharti liwe halijapata kupewa jenasi nyingine yoyote ya wanyama. Sharti zitajwe alama zinazoitenga, na ichaguliwe spishi moja iwe kielelezo chake. Ikiwa spishi hiyo nayo ni mpya, mdudu aliyetumiwa kuieleza huhifadhiwa, na mahali alipowekwa hutajwa. Hatimaye maelezo hayo huchapishwa, ili kila mtu aweze kuyapima.

Yafaa ieleweke kwamba kazi hii haiishii katika kutoa majina. Katikati ya karne ya 20, Neoperla wa Afrika waliunganishwa wote kuwa spishi moja, Neoperla spio, iliyoelezwa na Newman mwaka 1839. Kuanzia miaka ya 1970, uchunguzi wa viungo vya uzazi vya dume na wa nakshi za ganda la yai ulidhihirisha kwamba chini ya jina hilo zilijificha spishi nyingi. Hasara ya kosa hilo ni dhahiri: spishi ya mto mmoja ingeweza kutoweka, na daftari likaendelea kusema kwamba mdudu huyo yupo.

Jambo hili latuhusu sote, maana nzi-mawe huhitaji maji safi yenye oksijeni tele. Katika mfumo wa SASS5 wa Afrika Kusini, upimao hali ya mito kwa wadudu wake, familia ya Perlidae, yenye Neoperla, hupewa alama 12 kati ya 15.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi mtoni, na wahesabu mikia, kucha na macho, waandike mahali na tarehe, kisha walirudishe jiwe kama lilivyokuwa.